Ruvugo wa Ng'ambo ya Mpaka

Kagerankanda, Kasulu
9 Machi 1973

Mdogo wangu Abeli,

Huku mvua imekubali na maharage yamechanua. Shangazi Kezia anakohoa, lakini ulimi wake ni mzima.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta akili ndani yake, sikuiona. Unaandika kwamba Zakariya aliyekimbia Burundi si ndugu yetu, eti yeye ni Ruvugo na sisi ni Luvugo. Msomi mzima! Baba mkubwa alipohamia kule, jina la babu liliandikwa na padri Mbelgiji. Huku liliandikwa na karani wa Mwingereza, kila mmoja kwa sikio lake. Wewe unawaamini wageni wawili kuliko damu yako.

Shangazi hakuuliza herufi. Alimwambia, "Taja waliokuzaa." Zakariya akawataja mpaka kwa babu, kisha akamtaja Gaju, ng'ombe aliyetolewa mahari ya bibi. Shangazi akamshika mkono.

"Karibu kwenu, mwana wa kaka. Yule wa Dar anaogopa utamlia ugali wake."

Zakariya alimzika mkewe njiani, kabla ya kufika Manyovu mpakani. Amekuja na watoto watatu, na yule mdogo bado haongei.

Unaagiza tusimpe mahali hapa. Umechelewa. Nyumba yako ya bati, uliyoifunga tangu uijenge ili tuitazame tu, sasa inafuka moshi wa chakula. Ufunguo endelea kuutunza, kufuli nimelivunja.

Kaka yako asiyeomba radhi,
Sylvesta Luvugo