Mama Alitaka Kutolewa Kwake

Mtaa wa Stesheni,
Same.
12 Mei 2024

Mpendwa Kaka Rogath,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Wifi Aneth ameniambia bado umefungwa hogo la plasta na unagombana na kila anayekuambia utulie. Tulia, bwana. Kazi yako ya reli huko Kigoma haitakimbia. Sisi huku ni wazima, ila nyumba imepooza.

Kwenye simu nilikuambia tu kwamba Mama ametutoka na tumemzika. Mengine niliyaacha. Sasa nakuandikia, maana wewe ni mtoto wake na hukuwepo.

Unakumbuka maisha yale. Wewe ulizaliwa kota ya reli ya Mombo, mimi Hedaru. Uhamisho ukija, Mama anafunga vyombo, anapandisha kuku kwenye behewa, anakwenda kufagia kota nyingine iliyoachwa na mke wa mwenzake Baba. Mpare mzima, hakuwahi kupanda mgomba hata mmoja! Alipanda mchicha tu kwenye madebe, apate kuhama nao. Nikimuuliza, anacheka: "Nipande mgomba nimwachie nani?"

Baba, Mungu amrehemu, kila likizo alisema atajenga kijijini kwetu Myamba akistaafu. Alistaafu, akaugua, akafa. Jeneza lake lilitolewa nyumba ya babu kwenda kaburini, na pale ni kwao. Mama akarudi huku Same kwenye nyumba ya kupanga. Ndiyo maana Krismasi ile ulipokuja alituambia hataki kitu kingine, anataka siku yake ikifika atolewe kwake. Ukaanzisha ujenzi kabla hujaondoka.

Kaka, mafundi hawakuzembea. Kuta zilisimama, mbao za paa zikapigwa. Kisha masika yakaja kwa hasira, barabara ya kupanda Myamba ikaporomoka, na lori la bati likakwama huku chini. Mama alikuwa akiniuliza kila asubuhi wamefika wapi. Wiki ya mwisho aliacha kuuliza habari za bati. Aliuliza mlango unatazama wapi. Nilimwambia unatazama barabarani, apate kuona wanaokuja. Alifurahi.

Alifariki Ijumaa mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa Bi Mwanaidi, jirani yake wa tangu kota za hapa Same. Hakuteseka.

Tulimpandisha Myamba kwa kuzunguka njia ya mbali, kwenye gari dogo, mvua inapiga. Baba mdogo Sefania akasema mwili ulale kwake. Nilimjia juu mbele ya watu, sikukufichi. Nilimwambia, "Mama amekaa nyumba za watu maisha yake yote, na leo tena?" Alinitazama machozi yanamtoka, akasema, "Mwanangu, nimlaze shemeji yangu kwenye maji?" Mama akalala kwa Baba mdogo.

Kesho yake wanawake wa usharika walikataa apelekwe kaburini moja kwa moja. Walimbeba wakamwingiza nyumbani kwake, wakasimama sebuleni kwenye matope na miavuli yao, wakaimba ubeti mmoja, ndipo akatolewa kwa mlango wake. Watu wanasema imetosha. Mimi haijanitosha. Nyumba isiyo na paa ni kiwanja tu, na nina uchungu ambao sijui niupeleke wapi.

Bati zimefika mwanzoni mwa wiki. Zimeezekwa, na mlango umetiwa kufuli. Nilipokwenda kuangalia nilikaa chini kwenye sakafu nikalia kama mtoto mdogo.

Bi Mwanaidi anakupa pole nyingi, na anasema hajui sasa atakunywa chai na nani. Msalimie sana wifi Aneth na watoto. Mungu aunge huo mfupa na awalinde nyote huko.

Jambo la mwisho. Kuna mwalimu mgeni amekuja kuiomba nyumba apange, na Baba mdogo anaona si vibaya, isikae bure. Nimekataa, na amenikasirikia. Funguo ninazo mimi. Mguu ukipona njoo na wifi, twende wote tukalale mle, hata kwenye mkeka. Asilale mtu mwingine mle kabla ya watoto wa Mama. Yeye mwenyewe hakuwahi.

Mdogo wako akupendaye na anayekungoja,
Priska