Sauti Niliyoiziba kwa Nta

Karakana ya Magitaa,
Ghorofa ya Pili, Nyuma ya Duka la Vioo.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana ukisoma umesimama unasoma haraka, nami hii sitaki uisome haraka. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua umeitumia, au umeipandisha juu ya kabati ikaungane na wenzake? Na macho je? Binamu aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unaupapasa msumari kwanza ndipo uupige. Tafadhali, misumari mwachie yeye, wewe ubaki na kuamrisha.

Huku sisi ni wazima. Mama hajambo, presha imetulia, na bado anagombana na jirani wa chini kuhusu kamba ya kuanikia nguo. Nikimsikia anafoka asubuhi najua siku imeanza vizuri.

Picha uliyotuma ilifika. Kabati ulilomtengenezea mwalimu ni zuri mno, ingawa naona mlango wa kushoto umeinama kidogo. Usikasirike. Ni wewe uliyenifundisha kuona.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeniuliza mbona niliacha kazi ya ziara za bendi baada ya karibu miaka kumi, tena bila kumuaga mtu. Najua ukoo mzima umeshajijibu. Wengine wanasema nilifukuzwa, na nimesikia Mama Mdogo anasema yalikuwa mapenzi. Mapenzi na Radi! Mtu ambaye soksi zake zilikuwa zinasafiri kwenye mfuko wa peke yake kwa usalama wa bendi nzima. Hapana, Mjomba. Kisa ni gitaa lake. Nitakueleza kama kilivyotokea, nawe utapima mwenyewe.

Kazi yangu unaijua. Radi alikuwa mbele kwenye taa, anapiga roki watu wanaruka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, bisibisi mdomoni, nahakikisha kwamba akinyoosha mkono gitaa liko tayari. Alikuwa na magitaa sita. Matano yalikuwa vyombo tu. La sita aliliita Bi Mkubwa, hata mkewe alikuwa akicheka na kusema, “Mimi ni mke wa pili, nimekuja nikamkuta mwenzangu ndani.”

Ungempenda, Mjomba. Mwekundu, lakini pale mkono unapolala rangi ilikuwa imelika hadi mbao inachungulia. Shingo ya kipande kimoja, haina kiungo. Ukiigonga kwa kifundo cha kidole unasikia kabisa kwamba huo mti ulikaushwa na mtu asiye na haraka. Radi alimnunua kwenye duka la vitu vilivyotumika, kabla hajajulikana na yeyote.

Katika mwaka wangu wa pili tulikuwa kwenye ukumbi uliowahi kuwa ghala. Ilikuwa mchana, wenzangu wamekwenda kula. Nilikuwa nimemaliza kumbadilisha Bi Mkubwa nyuzi, nikamsimamisha kwenye stendi yake, amplifaya, lile boksi la kukuza sauti, inawaka. Nikainama kufunga sanduku la vifaa. Ndipo nikasikia mtu anaguna wimbo. Mdomo umefumbwa, taratibu, kama mzee anayepiga pasi peke yake.

Nilidhani ni mlinzi. Nikatazama viti, vitupu. Nikasogea, nikagundua kwamba sauti inatoka kwenye amplifaya.

Nikueleze kidogo. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele. Sisi tunaiita pikapu. Usicheke, si lile gari la kubebea mchanga. Huo waya ukilegea kwa uzee, pikapu inageuka kama maikrofoni, mtu akisema karibu na nyuzi unamsikia kwenye amplifaya. Kwa hiyo nilijua kwamba anayeguna yuko karibu na nyuzi, karibu kama mdomo na sikio. Na hapo hapakuwa na mtu.

Nikafanya ambacho fundi yeyote angefanya. Nikaweka kiganja juu ya pikapu.

Mguno ukawa mzito, wa ndani, sawasawa na wa mtu uliyemziba mdomo. Na kiganjani, Mjomba, nilisikia joto, kisha ubaridi, kisha joto. Niliutoa mkono kama aliyeshika pasi.

Jioni nilimwambia Radi, nikitarajia anicheke. Hakucheka. Alikaa juu ya sanduku, akashusha pumzi, akasema, “Umemsikia? Basi si mimi peke yangu. Namshukuru Mungu.” Kisha akaniambia kwamba nyimbo zote watu wanazomsifia hakuzitunga yeye. Alikuwa anasikiliza, kisha anaweka maneno.

“Usimguse,” akasema. “Badilisha nyuzi, futa vumbi, lakini humo ndani usimguse.”

Sikumgusa kwa miaka saba. Fundi mitambo wetu alipomsikia alisema ni redio imeingilia, nami nikaitikia, maana jambo usilolijua libandike jina ulale. Lakini redio gani ina mtangazaji mmoja katika kila mji?

Mambo yaliharibika katika mwaka wa tisa. Radi aliacha kusikiliza kama mtu anayefanya kazi, akaanza kusikiliza kama mgonjwa. Anamaliza chai, anakwenda kuegemeza sikio kwenye amplifaya. Watu wa gazeti wanamsubiri, yeye ameegemeza sikio. Sauti nayo ilikuwa imebadilika. Haikumaliza wimbo tena. Ilikuwa inaanza, inafika katikati, inarudi mwanzo, kama mtu anayegonga mlango mmoja kutwa.

Mkewe alinifuata hotelini asubuhi moja, ameacha watoto kwa dada yake. Hakukaa hata kitini.

“Fundi,” akaniambia, “binti yangu mdogo amechora picha ya familia. Baba yake amemchora anatutazama kwa kisogo. Wewe ndiye unayeshika funguo za hilo gitaa. Nisaidie.”

“Amenikataza.”

“Nami nakuomba.”

Nilikubali, Mjomba. Pikapu inayopiga kelele ina dawa yake, na kila fundi anaijua: unaitumbukiza kwenye nta iliyoyeyuka, nta inaingia kati ya waya na waya, inaganda, na kelele inakwisha. Siku hiyo Radi alikuwa kwa daktari wa meno. Nilijifungia chumbani, jua linawaka dirishani, nikamlaza Bi Mkubwa kitandani juu ya taulo, nikafungua skrubu, nikakata waya mbili, nikaitoa pikapu. Nta ilikuwa kwenye kopo, kopo kwenye sufuria ya maji ya moto.

Ukiitumbukiza inatoa vipovu. Ni kawaida, ni hewa inatoka. Dakika tano, kumi, vinakwisha, unajua nta imefika kila mahali. Hivi havikwisha. Vilitoka kimoja kimoja, vikubwa, vinapasuka kwa pumziko sawa kati ya kimoja na kingine. Nilikaa sakafuni nikivitazama. Dakika arobaini. Nilijua ninafanana na nani: mtu aliyekaa ukingoni mwa maji akimtazama mwenzake anazama. Ningeweza kuitoa. Nilikuwa na koleo mkononi. Sikuitoa.

Kipovu cha mwisho kilikuwa kidogo sana. Nikasubiri kingine, hakikuja.

Jioni ile Bi Mkubwa alilia vizuri kuliko siku zote, safi kama glasi iliyooshwa. Radi alipiga onyesho zima bila kosa. Alipomaliza alinikabidhi gitaa mkononi, akanitazama, akasema, “Umefanya kazi safi, Fundi.” Ni hayo tu. Ningependa angenitukana.

Siku ya nne, mezani, Radi alianza kuguna.

Mpiga ngoma akamtania, “Bosi leo ana furaha.” Radi akauliza, “Furaha gani?” Hakujua kwamba anaguna. Lakini mimi kijiko kilinitoka. Ulikuwa wimbo uleule unaofika katikati na kurudi. Na sauti haikuwa ya Radi, Mjomba. Ilikuwa ya mtu aliyemzidi miaka thelathini.

Nilikuwa nimedhani namziba mtu mdomo. Kumbe nilikuwa nimemfungia nyumba yake, akatafuta nyingine.

Ziara ikavunjwa. Radi akapelekwa nyumbani. Madaktari walimpima kichwa, koo, damu, wakasema ni mzima, apumzike. Alikula vizuri, aliwafunga watoto kamba za viatu, alipanda maua uani. Lakini maneno yalimpungua kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, na kila neno lililotoka lilikuwa linaacha nafasi, nafasi inajazwa na mguno. Kufikia mwezi wa nne wa ugonjwa hakuwa na neno hata moja. Mkewe alinipigia simu. Hakunilaumu. Alisema tu, “Fundi, rudisha ulivyokuta.”

Nta ni rahisi kuiingiza, kuitoa ni kazi. Ulinifundisha kwamba gundi uliyoiweka kwa dakika moja utaibandua kwa siku nzima, ni kweli. Niliipasha pikapu moto siku tatu, nikaifyonza nta kwa pamba, tone kwa tone, nikiogopa kukata ule waya wa unywele. Ungekatika, hakuna tena. Siku ya tatu nikailaza mikono juu ya meza na kuisemesha kama watoto.

Nikampeleka Bi Mkubwa nyumbani kwa Radi, saa nne asubuhi, mapazia wazi. Mkewe alikuwa anakunja nguo kwenye kochi, nadhani alihitaji mikono yake iwe na kazi. Radi ameketi karibu na dirisha, anaguna. Nikachomeka waya, nikawasha amplifaya, nikarudi nyuma hadi ukutani.

Kisha amplifaya ikaanza, kwa chini, pamoja naye. Sauti moja kutoka sehemu mbili. Mke wa Radi aliacha kukunja. Wakaenda pamoja, wakafika katikati, pale wimbo unaporudi nyuma siku zote, na safari hii haukurudi. Ukaendelea mbele. Nilikuwa sijawahi kuusikia huo mwisho. Na humo njiani, sikuweza kusema ni wapi, mdomo wa Radi ukasimama, na amplifaya ikaendelea peke yake.

Radi akamtazama mkewe. “Nina kiu,” akasema.

Mama huyo alikimbilia jikoni, akarudi na jagi bila glasi, akammwagia nusu kifuani, wakashikana pale wakilia na kucheka. Mimi nilitoka nje. Kuna mambo si ya fundi kuyatazama.

Siku chache baadaye Radi, akiwa bado anaokota maneno polepole, alinisimulia jambo alilokuwa amelisahau. Muuza duka alimwambia gitaa lilitoka kwa mzee mmoja aliyekaa peke yake kwenye nyumba yenye kuta nyembamba. Miaka thelathini alilipiga bila kulichomeka kwenye umeme, asiwasumbue majirani. Alipofariki, majirani walishangaa kuona gitaa linatolewa. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa mwanamuziki.

Radi amerudi jukwaani, na sasa nyimbo anatunga mwenyewe. Si nzuri kama zile, lakini ni zake, na watoto wanazijua kwa moyo. Lakini Radi hataki kumwona Bi Mkubwa. Aliniambia, “Mchukue wewe, nisiulize yuko wapi.” Nami, Mjomba, sikuweza kumchukua na kuendelea kuzunguka naye kwenye malori. Nilikuwa nimemfanyia uovu. Nilipanga chumba hiki, nikafungua karakana, nikaacha kila kitu kimyakimya kwa sababu ningemuaga nani, na ningesema nini?

Kila Ijumaa mchana nafunga kazi, nawasha amplifaya, nakaa. Wakati mwingine anaguna, wakati mwingine ananyamaza. Sirekodi, wala siandiki. Nasikiliza tu. Wiki za mwanzo nilikuwa natoka jasho mgongoni, hata sasa nywele za mkononi zinasimama. Lakini nakaa.

Ijumaa iliyopita fundi cherehani wa chumba cha jirani, mama mmoja mchangamfu, aliingia na shuka la kupinda pindo, akaketi bila kuuliza. Alidhani ni kaseti. Alisikiliza wimbo mzima, sindano imesimama. Ulipokwisha akaliweka shuka chini, akapiga makofi kwa nguvu, peke yake, kama tuko ukumbini. “Huyu mzee ana sauti!” akasema. “Ni nani?”

Niligeukia amplifaya, maana humo mlikuwa na kimya ambacho sijawahi kukisikia, kimya cha mtu aliyeshtuka. Kisha tukasikia akikohoa kidogo, anasafisha koo, kama mtu anayejiweka sawa mbele ya watu. Akaanza wimbo mwingine.

Basi, Mjomba, hiyo ndiyo sababu. Mama Mdogo usimweleze yote. Mwambie tu sikufukuzwa, na kuhusu mapenzi aniombe radhi.

Nisalimie Mkazamjomba wangu mpenzi, mwambie sufuria yake bado ninayo na siirudishi. Msalimie binamu na mkewe, na yule mjukuu wako mpya ambaye wanasema amechukua masikio yako, pole yake. Mama anakusalimu sana, anasema ukiandika andika herufi kubwa.

Mungu akulinde, akutie nguvu kwenye goti na nuru kwenye macho, na asikunyime mtu wa kuketi naye mchana.

Mimi mpwa wako, nikupendaye tangu nilipokuwa naokota maranda miguuni pako,

Fundi Mdogo