Kazi Isiyo na Bosi Imeingia Kimulot

Ijumaa. Mvua tangu saa nane, ukungu umefunika mpaka choo.

Kama si mimi, Kimulot hii ingekuwa bado msitu. Sijigambi. Ndovu wa msitu wa Mau wakisikia nikikohoa wanageuza njia, na bwana mkubwa mmoja wa kiwanda cha chai aliwahi kuniuliza mimi chai inapikwaje. Kwa hivyo mtu akileta ujanja hapa, pua yangu inanusa mapema.

Na sasa hivi inanusa.

Chepkoech, binti wa marehemu ndugu yangu, anataka kuacha kazi ya ualimu kule Litein. Eti amepata ufadhili wa utafiti. Mwaka mzima atalipwa kuzunguka akiuliza watu wanaishije, wanauziana nini, nani anasaidia nani. Mama yake hana raha. Kwa vile baba yake hayuko, neno la mwisho ameniachia mimi. Kesho nikisema hapana, msichana anabaki darasani.

Nilimkalisha chini.

"Bosi wako ni nani?"

"Sina, Anko. Utafiti ni wangu mwenyewe."

"Na ofisi?"

"Ni hapa tu, kwa watu."

Umesikia? Mshahara bila bosi, kazi bila mlango! Mtu anayekuuliza ng'ombe wako anatoa maziwa kiasi gani ni mwizi, ni serikali, ama anataka kuoa kwako. Wa nne sijawahi kumwona.

Jana nikamfuata mpaka kituo cha kuuzia majani ya chai, alikoenda kujaribu maswali yake. Nikajificha nyuma ya nguzo nikijifanya naongea na simu. Wanawake walikuwa wanangoja mizani, naye ameketi katikati yao, sketi imejaa matope. Hakutaja shamba la mtu. Hakuitisha kitambulisho. Swali lake lilikuwa moja: wiki hii umemchumia nani, na nani amekuchumia?

Wakamjibu wakicheka mpaka lori likafika. Hapo ndipo nikasikia kwamba mgongo ulipomshika mke wangu juzi juzi, majirani ndio walimaliza majani yetu. Mimi nilidhani alipona haraka.

Halafu akaniona.

"Anko, toka huko nyuma! Na wewe je, umemchumia nani?"

"Mwache," mke wangu akadakia kutoka kwa foleni ya mizani. "Anko wako ni mtu wa mikutano."

Kituo kizima kikaangua kicheko. Nikasema chifu ananiita.

Leo nimeshinda ndani nikisikiliza mvua kwa mabati. Bado nashuku. Hakuna mtu anamwaga pesa namna hiyo bila sababu. Lakini lile swali, nimeligeuza huku na huku, sijaona mtego wake.

Sawa. Kesho nitakubali, kwa sharti moja: Jumatatu aje aniulize upya, nikiwa nimetoka shambani, kikapu mgongoni, watu wote wakiona.

Kuna shida kidogo tu, na mke wangu siwezi kumuuliza, atacheka mpaka Litein isikie.

Sijui kikapu chetu kinawekwa wapi.