Kitabu cha Dunguni

Mtunda, Kibiti
22 Mei 1994

Dada yangu Mwanahawa,

Salamu za amani zikufikie hapo wodini Utete, wewe na mama. Mguu wake unaendeleaje? Mwambie asiukanyage kwa ubishi wake, mfupa hauna habari na ujasiri wa mtu. Sisi huku ni wazima wa mwili. Abdalah anaota meno, halali wala halazi mtu. Baba yake bado yuko Kiongoroni kwenye kukata boriti, anakusalimu.

Maneno uliyomtuma Haidari yamenifika. Amesema umesikia kuwa ndege wamelila shamba lako la bondeni, kwamba mwanangu Muzdalifa aliachiwa ulinzi wa ndege juu ya dungu akasinzia, na kwamba mtoto wa namna hiyo humchukui tena kukaa naye Kibiti mjini asome, maana utakuwa unalea gogo. Sikulaumu. Mpunga ule ulinikabidhi mwenyewe siku unapanda gari na mama, ukaniambia punje zimeshatia maziwa, nisiondoe jicho. Ila uliyoyasikia siyo yaliyotokea, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nianze na kitabu. Mwalimu Marsela, yule wa kutoka Songea, alimwazima Muzdalifa kitabu cha hadithi cha kabati la shule. Jalada hakina, kurasa za mwanzo zimeliwa na mende. Ni habari za msichana yatima anayelisha viumbe vya ajabu katika bonde lililofichwa na ukungu. Kuna kiboko mdogo kama paka, akishiba anaelea hewani mpaka afungwe kamba. Kuna ndege ambao manyoya yao hulia kama njuga. Kuna na ndama wa moto anayeogopa giza, hapati usingizi mpaka ashikwe kwato. Kitabu cha watoto, dada. Nilikichukua nikione tu, maana Mashavu wa dungu la jirani alisema vitabu vya hawa walimu wa bara vina majini.

Majini sikuyaona. Tangu nimalize la saba sijasoma kitu ila kadi ya kliniki. Nikasoma ukurasa mmoja huku namnyonyesha Abdalah, nikasoma na wa pili, nikajikuta nacheka peke yangu hata mtoto akaachia ziwa akanitazama. Toka hapo nikawa nakwenda nacho shambani nimekiviringisha kwenye kanga. Mashavu akinipigia kelele kutoka kwake, akiuliza kama siku hizi ndege hawafukuzwi, wanasomewa, na kama mume wangu anajua kuwa nimeolewa na karatasi. Nikamjibu nasoma masharti ya dawa ya mtoto.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi. Muzdalifa alikuwa chini ya dungu akichoma muhogo, Abdalah amelala miguuni pangu, kombeo nimelikalia. Kitabuni ndama wa moto amepotea, yule msichana anamlilia, na wale ndege wa njuga wanateremka kundi zima kumwonyesha njia. Nikasikia mabawa. Wallahi nilidhani ni kile kitabu, nikasema moyoni aliyekiandika ana ufundi. Nilipoinua macho shamba lako lilikuwa limegeuka rangi, ndege juu mpaka chini. Kufika kupiga debe na kurusha mawe, upande wote wa mtoni masuke yamebaki makapi.

Mashavu akaja mbio akiuliza nani alikuwa juu. Nami, dada, ulimi ulinitangulia. Nikasema nilishuka kumwosha Abdalah, nikamwachia Muzdalifa kombeo, akasinzia. Muzdalifa alikuwa amesimama pale pale na muhogo mkononi. Alinitazama tu, akarudi kwenye moto wake.

Kwa hiyo aliyelala hayupo. Ni mimi, macho yangu yakiwa wazi.

Bibi yake wa kwa baba, Mwanaharusi, akamfinya sikio, wenzake wakamwita Mlisha Ndege, na bado akanyamaza. Ujumbe wako ulipofika nilimuuliza kwa nini hajitetei. Akanijibu kuwa angesema, Mwalimu angesikia na kitabu kingerudishwa, na mimi nilikuwa bado sijajua ndama amefika wapi. Yeye alishakimaliza. Sikupata pa kuuweka uso wangu. Mtoto wa darasa la nne kabeba jina baya ili mama yake amalize hadithi.

Jana nimekwenda kisimani nikasema mbele ya wote, Mashavu akiwapo. Walinicheka, na wana haki. Mashavu akasema alijua, dawa gani ina kurasa nyingi hivyo. Kisha, ndoo ishapanda kichwani, akageuka akauliza huyo ndama alipatikana au vipi.

Sasa sikiliza. Mpunga wangu wa kando ya mfereji ni wako, utakapokuja uvune. Hilo siombi, nimeshalisema. Hasira zako nipe mimi zote, nitazipokea. Lakini Muzdalifa mchukue kama ulivyoahidi. Mtoto anayeweza kunyamaza vile hawezi kukushinda kumlea.

Upande uliobaki tunaulinda. Mimi nasimama na kombeo, kitabu nimekipa mgongo, Muzdalifa anasoma kwa sauti. Tumekaribia mwisho. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo, dada, wala sina mwingine wa kumwambia: kila nikiikumbuka asubuhi ile nataka nijute yote, lakini kile kitambo kabla sijainua macho kinanishinda kukijutia.

Mama usimweleze mpaka mfupa uunge, asije akacheka akautikisa. Msalimie sana, na wauguzi wake.

Ni mimi mdogo wako, mlisha ndege mwenyewe,

Sihaba