Nilimwandika Baba Bila Kumwona

Kilosa, Jumapili, mwezi wa tano

Mvua imekatika tangu asubuhi lakini hewa bado nzito. Nimerudi kutoka Msowero saa kumi, nimevua viatu vyenye matope mlangoni, nimekaa kitandani na kompyuta mapajani. Mmezoea niandike hapa habari za mapishi na safari za semina. Leo siwezi.

Baba yangu amekatwa mguu. Wa kulia, chini kidogo ya goti.

Nimeshawasimulia watu wengi, na kila nikisimulia naruka ile sehemu inayonihusu mimi. Leo nataka niiandike yote.

Kazi yangu ni kuingiza takwimu katika mradi mmoja wa afya hapa mjini. Zahanati za vijijini zinatuletea nakala za madaftari yao ya wagonjwa, nami nahamishia kwenye kompyuta: umri, jinsia, ugonjwa, ameelekezwa wapi, amefika au hajafika. Majina hatuyaingizi, ni siri ya mgonjwa. Kwa hiyo mimi huwa naweka rula juu ya safu ya majina ili macho yasihangaike, halafu nashuka mstari kwa mstari. Hakuna anayenifikia kwa kasi pale ofisini. Mkuu wetu akiwa na wageni huwaleta waone ninavyochapa. Shingo inakakamaa, macho yanawasha, nameza vidonge viwili vya maumivu na kuendelea. Hata hilo nilikuwa najisifia.

Nyumbani kwetu ni Msowero. Wazazi wangu walihamia huko na ng'ombe wao kutoka Usukumani nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama alishafariki. Baba anaishi na kaka yangu na mke wake, Mama Shija. Zamani nilikuwa nakwenda kila mwisho wa mwezi. Makampuni ya simu yalipoongezeka na mnara ukafika hadi kule, nikamnunulia baba simu ndogo yenye tochi. Mama Shija akaishonea kimfuko, baba akawa anaivaa shingoni hata machungani. Nikaona nimemaliza wajibu wangu. Nikawa nampigia kila Jumapili, na safari zikapungua, mpaka zikakoma. Tangu Krismasi sikuwa nimekanyaga nyumbani, na ni mwendo wa saa chache tu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hujambo mwanangu?"

"Sijambo. Huko wazima?"

"Wazima kabisa."

Dakika mbili, tunaagana.

Mwezi wa pili alisema neno jingine. Alisema, "Mguu huu unanisumbua kidogo." Nilikuwa ofisini hata Jumapili ile, simu nimeibana kwa bega, vidole vinaendelea kuchapa. Nikamjibu, "Pole baba, pumzika kidogo, usiende shamba."  Kisha akauliza kama huku mjini mvua imenyesha.

Nilimsikia. Siwezi kusema sikumsikia.

Mwezi uliopita tulipelekwa Mikumi, semina ya siku tano, kujifunza programu mpya ya kompyuta. Tuliambiwa tuzime sauti za simu. Wakati wa chakula cha mchana nikatoa yangu kwenye mkoba, nikakuta Mama Shija amepiga mara tisa. Nikatoka nje nikampigia.

"Wifi, baba anatetemeka, hazitambui hata sura zetu," alisema. "Mguu umeoza. Alikuwa anaufunga kitambaa anavalia buti la mvua. Leo ndiyo tumemvua."

"Tangu lini?"

"Sijui, wifi. Sisi tulijua ameshakwambia wewe."

Basi la Kilosa lilikuwa limeshaondoka. Dereva wa lori la mahindi akanihurumia, akanipa nafasi mbele.  Nilipofika hospitali, kaka alikuwa ameshamfikisha baba kwa gari la kukodi; mzee amelala, macho yamezama, na ile simu bado iko shingoni.

Daktari alinieleza kwa upole. Baba ana sukari, na ameishi nayo muda mrefu bila kujua. Alikanyaga kisiki cha muhindi shambani na hakusikia maumivu, maana miguu ilishakufa ganzi. Kidonda kikala ndani hadi mfupani. Yeye akawa ananunua vidonge vya rangi mbili kwenye duka la dawa pale senta. Siku hizi maduka hayo yako kila mahali, mtu anajitibu mwenyewe na hakuna anayemwuliza.

"Angekuja mwezi mmoja na nusu uliopita," daktari alisema, "tungesafisha kidonda tu."

Akauliza kama zahanati ya kwao haikumwona. Kaka akajibu kwamba mzee alikwenda mara moja, kwa baiskeli, peke yake, na aliporudi hakusema alichoambiwa.

 Siku iliyofuata baada ya baba kukatwa mguu nilikwenda ofisini, nikatoa jalada la Msowero, nikapekua kurasa za mwezi wa tatu. Mwanamume, miaka sitini na nne, kidonda mguu wa kulia, sukari juu, aende hospitali ya wilaya. Hajafika. Nikaondoa rula.

Lilikuwa jina la baba yangu, kwa mwandiko mzuri wa nesi.

Nikafungua kompyuta. Mstari ule ulikuwamo, nimeuingiza mimi mwenyewe, bila kosa hata la herufi moja.

Na bado sijasema lililo baya zaidi. Kila Ijumaa natakiwa kuandika orodha ya walioelekezwa hospitali na hawajafika, nimpe Sista Anjela, muuguzi wa mradi, naye awatafute kupitia wahudumu wa vijijini. Orodha hiyo inahitaji majina, na ili kuyapata ni lazima kurudi kwenye karatasi na kuyanakili kwa mkono. Ni kazi ya kuchosha na haihesabiwi popote. Kinachohesabiwa ni mistari. Basi tangu mwezi wa kwanza sikuiandika. Sista Anjela aliniuliza mara mbili, nikamwambia sistimu inasumbua. Aliniamini kwa sababu yeye hajui mambo ya kompyuta.

Sistimu haikuwa inasumbua.

Leo nilikwenda Msowero kumwona baba kwa mara ya kwanza tangu aruhusiwe. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, anapukuchua mahindi, magongo yake yameegemezwa ukutani. Amekonda. Nikapiga goti nikamwamkia, akaniitikia kwa Kisukuma kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo. Nikavuta ndoo nikaigeuza, nikakaa, nikaanza kupukuchua naye.

Nikamwuliza kwa nini hakwenda wilayani alipoambiwa.

"Nilikuwa nakungoja," alisema. "Wewe ndiye unayefahamiana na watu wa hospitali. Nilisema ukija nitakuonyesha mguu, twende wote."

"Ungeniambia kwenye simu, baba."

"Nilikwambia. Nikaona una kazi." Akatupa gunzi kwenye kikapu. "Mtu mzima haelezi kidonda chake kwenye simu, watu wanapita."

Hapo ndipo nikamwambia yote. Daftari, jina lake, orodha ya Ijumaa, uongo wangu kwa Sista Anjela. Nilisema taratibu kwa sababu mengine ilibidi nimweleze kompyuta inafanya nini na mimi nafanya nini. Nilitarajia hasira. Nafikiri nilikuwa naitaka. Mama Shija alikuwa ndani anasonga ugali, mwiko ukasimama, nikajua anasikia.

Baba alimaliza kupukuchua hindi lililokuwa mkononi.

Kisha akauliza, "Hao wengine, wameshatafutwa?"

"Wengine gani, baba?"

"Wa kwenye orodha. Si umesema iko ya wilaya nzima?"

 Majuma matatu nimelia, nimefunga, nimemwomba Mungu msamaha kwa ajili ya mguu wa mtu mmoja. Karatasi nyingine ziko kabatini kama nilivyoziacha. Sikuwahi kuwafikiria. Hata baada ya kuliona jina la baba nilirudisha jalada mahali pake, nikafunga kabati.

"Bado," nikasema.

Akanitazama, si kwa ukali. "Basi usilale hapa leo. Rudi mjini uwahi kazini."

Nikala ugali haraka, nikaondoka.

Sista Anjela huwa anafika ofisini saa moja na nusu. Kesho nitamngoja mlangoni, nimwambie ukweli kabla hajakaa, na kama nitafukuzwa, nitaomba kwanza wanipe siku mbili na ufunguo wa kabati.