Mashine Iliyosafiri na Jeneza Lako

Omosh, rafiki yangu mkaidi,

Nimekukasirikia tangu tukuzike, na leo nimeona nikuambie mwenyewe badala ya kuwachosha watu. Unajua mdomo wangu haufungiki.

Ndugu zako walipokuja mtaani kwako Raila kukusafirisha, walifuata desturi yenu: vitu vya marehemu vinarudi naye nyumbani. Walifungasha kitanda, godoro, gumboots zako, na ile kompyuta nyeusi iliyokuwa ikinguruma chini ya kitanda. Mimi nilikuwa nje na akina mama tukipika chai ya matanga. Nani angewaambia kwamba hiyo ndiyo seva yetu, yenye habari zote za watoto? Kwamba akina mama wanaolea watoto mchana, kutoka Silanga hadi huku kwetu Gatina, waliifungua kwenye simu kila asubuhi wajue mtoto yupi ana dawa, yupi hudhurika na nini, na nani anaruhusiwa kumchukua jioni? Ikapandishwa juu ya basi, ikasafiri na jeneza lako hadi ziwani.

Simu za walezi zikabaki na ukurasa mweupe. Wiki ile ile mlezi mpya wa Silanga akampa Baraka uji wa njugu, na huyo mtoto njugu ni sumu kwake. Uso ulifura, pumzi ikawa ya shida. Alipona, Omosh, tulia. Lakini mama yake alinishika mkono akaniuliza, "Si mlisema simu itakuwa inatuambia?"

Kisha akaja jamaa wa kampuni fulani na tabasamu lake. App iko tayari, akasema, habari na picha za watoto atatutunzia yeye. Nilipomuuliza tukitaka kuondoka nazo tutaondokaje, akaanza kunieleza habari ya hali ya hewa. Nilikumbuka ulivyokuwa ukituchosha: "Mtegemea cha nduguye hufa maskini, Kavata. Watoto ni wetu, data ni yetu, na programu ni ya bure. Tutaiendesha wenyewe." Nikamkatalia. Baadhi ya walezi walinuna. Wanune.

Ila bure gani hiyo, Omosh? Programu ilikuwa wazi kwa dunia nzima, lakini njia ya kuiweka kwenye mashine ikafanya kazi ilikuwa kichwani mwako peke yake. Nilifuata maelezo ya mtandaoni: weka hiki kabla ya kile, badilisha toleo, fungua huku, funga kule. Kila nikikaribia mwisho inanitukana kwa maandishi mekundu. Nilikuwa nakuambia uandike hatua zako, nawe unacheka: "Nitaandika nikipata time." Haya, sasa unayo.

Nikasafiri hadi kwenu. Mama yako ameiweka mashine sebuleni, juu ya stuli, ameifunika kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Nilidhani atanifukuza. Nilimweleza habari ya Baraka. Akakitoa kile kitambaa na kukikunja taratibu.

"Vitu vya mtoto wangu havirudi Nairobi," alisema. "Chukua kilicho ndani. Hiyo niachie."

Nililia, na sikujificha.

Basi nikachukua kilicho ndani: habari za watoto, mipangilio yako yote, hata matusi uliyoyaandika katikati ya mipangilio. Tukakodi mashine ya mbali, kwenye wingu la mtandaoni, kwa jina la kikundi, si langu wala la mtu yeyote. Nikazifunga hatua zako zote, hata ya kurudisha habari za watoto, katika faili moja, mpaka ikabaki amri moja tu. Unaibandika, unajibu jina la kikundi na nenosiri, unasubiri chai ichemke. Wingu hili likituudhi, tunahamia jingine kwa amri ile ile.

Mafundi wenzako walisema nimerahisisha mno, eti asiyejua kinachoendelea ndani asiguse seva. Nikawajibu kwamba stima pia tunawasha bila kujua inatoka bwawa gani.

Tuliijaribu kwa Mama Mueni, mlezi wa hapa Gatina, kwenye mashine mpya isiyo na kitu. Nilikalia mikono yangu nisimsaidie. Alikuwa na mtoto mgongoni, anasoma maagizo kwa sauti kama anayesoma Biblia mbele ya kanisa. Ukurasa ukafunguka, sura ya Baraka ikatokea, na chini yake: ASIPEWE NJUGU. Mama Mueni akaguna. "Kumbe ni hii tu? Na vile Omosh alikuwa anajifanya!"

Ungekasirika. Halafu ungecheka hadi ukohoe. Nimekumiss, wewe mtu.

Pumzika sasa, na mashine yako ipumzike chini ya kitambaa cha mama. Hatuidai kazi tena. Nami nakuahidi hili: hakuna atakayekufa tena na kitu chetu kichwani, hata mimi. Siku yangu ikifika, wafungashe kila kitu nilicho nacho wakipeleke nyumbani kwetu Machakos, mpaka kijiko. Asubuhi yake Baraka atapewa uji usio na njugu.

Wako,
Kavata