Siku nilifunga kompte ya Papa Kambale

Goma, Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi, mulima hauonekani, na vumbi jeusi limerudi kwenye dirisha nililopanguza jana tu. Moyo wangu hauko sawa, niseme ukweli.

Leo nimejifungia nje mimi mwenyewe. Kwa mikono yangu hii.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: ninafanya kazi kwenye biro ndogo inayochora ramani za maji, zile zinazowaonyesha madereva wa malori wapi kuna bomba na wapi kuna watu wenye kiu. Tulikuwa watano. Vita ilipoingia muji, mumoja akavuka mupaka, mwingine akapanda boti ya Bukavu, kila mutu na njia yake. Nimebaki mimi na kompyuta ya Unix iliyo nzee kuliko ndoa nyingi za mutaa wa Majengo. Mama yangu naye yuko Kindu kwa wajomba. Nyumbani ninapika chakula cha mutu mumoja na bado ninakosea kipimo.

Jana shefu aliandika kutoka Kinshasa: funga kompte, yaani akaunti za kuingilia kwenye mashine, za wote walioondoka, kabla ya leo jioni. Ana haki. Kompte ya mutu asiyekuwepo ni mulango usio na mwenyewe, yeyote anaweza kupita. Tena wiki hii nzima nimekuwa nikifuta kambi za wakimbizi za Kanyaruchinya kwenye ramani, maana mahema hayapo tena na wenyewe hatujui wanalala wapi. Nikajidanganya kwamba kufuta nimeshazoea.

Nilianza na wale wengine, nikawamaliza haraka. Wa mwisho alikuwa Papa Kambale, muzee wetu wa mashine, Munande wa Butembo, aliyenifundisha karibu yote ninayoyajua. Yuko huko Butembo sasa, na kati yetu kuna barabara ambayo mutu mwenye akili zake haipiti. Nikakawia. Nikanywa chai. Nikafunga. Folda yake niliitoa mahali pake nikaiweka kwenye diski ya akiba, maana kuifuta kabisa nilishindwa. Halafu nikatoka kwenye kompte yangu, nikaenda kutafuta mandazi.

Kurudi, ninaandika jina, ninaandika neno la siri, kioo cha kompyuta kinakuwa cheusi kidogo, halafu kinaniuliza tena jina langu. Ninarudia, vilevile. Nikaanza kukitukana, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, peke yangu kwenye biro yenye meza tano.

Neno la siri halikuwa shida, likiwa baya mashine inasema wazi. Hii ilikuwa inanikaribisha na kunitolea mulango wa nyuma. Nikapita kwenye ile skrini ya maandishi matupu, nikaingia kama musimamizi. Mashine nzima kabisa, diski haijajaa. Nikatengeneza kompte ya kujaribia, nikaiita mugeni. Mugeni akaingia vizuri, akafunguliwa kila kitu. Yaani mugeni ambaye hata hayuko duniani anaingia, na mimi ninabaki nje!

Basi shida ilikuwa kwangu. Nikasoma faili ya makosa, nikakuta mustari mumoja tu: .profile ya kambale haipatikani.

Nikaacha kutukana.

Kila mutu kwenye Unix ana faili hiyo, .profile. Mashine inaisoma mutu anapoingia, ijue anatumia klavie gani, yaani kibodi, anachapia wapi, ramani zake ziko folda gani. Siku yangu ya kwanza hapa nilitaka kuandika yangu, Papa Kambale akaniambia nisijisumbue. Akaniwekea mustari mumoja unaoiambia mashine: kasome kwa Kambale. Wote tulikuwa hivyo, sahani moja. Mashine ya kuchapa ikibadilishwa, anasahihisha kwake, na sisi wote tunapona. Sasa nimeondoa folda yake, mashine inakwenda kwake, haimukuti, inanifukuza.

Miaka yote hii sikuwa na faili yangu. Nilikuwa ninaingia kwa Kambale.

Nikiwa bado ninawaza hayo, adhana ya adhuhuri ikasikika, na hapo nikashituka kwa jambo lingine. Kila siku saa sita ya muchana dirisha dogo lilikuwa linafunguka kwenye kioo: "Batu, tukule." Yaani watu, twende kula. Papa Kambale alikuwa ameliweka kwenye faili hiyohiyo. Tangu aondoke liliendelea kuja, na siku za kawaida, kila likija niliinuka, nikanawa, nikala. Sikujiuliza ni nani ananiita. Leo halikuja.

Enzi zake, Ramadhani ikianza alikuwa analizima, mwezi muzima, bila mutu kumuambia. Wenzangu Wakatoliki wanatoka kwenda kula polepole kama wezi, kwa ajili yangu mimi ninayefunga. Idi ikipita, analirudisha. Ramadhani iliyopita hakuwepo. Dirisha likaja kila siku, tumbo tupu, "Batu, tukule." Nililia, na haikuwa njaa.

Nikamupigia simu. Rezo, mutandao wa simu, ilikataa-kataa, mwishowe ikakubali. Anapima mbao kwenye duka la kaka yake, musumeno unalia nyuma yake. Nikamueleza amri ya shefu na vile nilijifungia nje. Akacheka sana, akauliza kama mashine bado inakohoa kama mbuzi. Ndipo nikamuuliza lile nililopigia simu: kama atarudi. Nikamuambia akisema ndiyo, folda yake ninairudisha leo hii, shefu apige kelele anavyotaka.

Akasogea mbali na musumeno. 

"Funga, dada," akasema. "Watoto wameshaanza masomo huku. Mimi sirudi. Andika faili yako."

"Sawa, papa."

"Saa sita imepita. Umekula?"

Nikamujibu ndiyo. Uongo mutupu, sahani yangu ya sombe, majani ya muhogo, ilikuwa bado imefunikwa kwenye meza. Akasema vizuri, na rezo ikakatika.

Nikafungua folda yake kule kwenye diski ya akiba, nikaanza kuandika faili yangu, mustari kwa mustari. Ningeweza kuinakili yote mara moja. Sikutaka. Klavie ya Kifaransa, mashine ya kuchapa, njia za ramani. Mingine niliiacha, ya vifaa vilivyoibwa siku zile za vita. Dirisha la saa sita niliandika kama alivyoliandika yeye, sikugusa neno. Nikatoka, nikaingia tena, mashine ikanifungulia. Nikamuandikia shefu kwamba kompte zote zimefungwa, na ni kweli.

Sombe nimeila jioni, baridi, mbele ya kioo.

Kesho saa sita dirisha litaniita, na safari hii ni mimi ninayejiita. Sijui kama nitakuwa na nguvu ya kuinuka. Nitainuka. Na Ramadhani ikifika, itabidi nikumbuke kulizima mwenyewe.